Mia Tatu

Lenzi nimeinunua kwa fundi mmoja wa Masasi.
Imetumika. Mpira wa pete umelegea,
mfuko wake unanuka naftalini.
"Kioo safi," aliniapia, "hata unywele hakina."
Viapo vya wauzaji navijua: mwaka wa kumi na sita huu
napiga picha za pasipoti hapa Newala,
nami huapa, umetoka vizuri, mama, chukua.

Basi saa moja na nusu asubuhi,
kabla jua halijaanza kuichezesha hewa,
nimesimamisha miguu mitatu barazani pa studio,
nimeining'inizia jiwe isitikisike.
Ng'ambo ya uwanja, hatua mia na ishirini,
nilizozihesabu mwenyewe,
Twaha amebandika gazeti la juzi kwenye ukuta wa ghala la chama,
ukurasa wa bei za mnada:
tarakimu ndogondogo, nyingi, zimesongamana.
Kipimo gani tena nitafute?

Sabini. Katikati pamekaa kama wembe.
Kona zinalegea, lakini kona nani huzitazama?
Mia na thelathini. Bado imara;
nauona hadi msumari, hadi kutu ya msumari.
Mia mbili, na hapa ndipo anapoanza kutoka jasho:
kingo za herufi zinavaa uzi wa zambarau,
kama shuka jeupe lililofuliwa beseni moja na kanga mpya.
Nabana tundu hadi nane. Zambarau inarudi nyuma.
Haiondoki; inajificha, kama deni.

Mia tatu.
Tarakimu zinavimba, zinalainika kama uji,
tatu inafanana na nane.
Na kwa mwenye korosho, jamani,
tatu na nane!

Twaha ananipungia: nibandue?
Nampungia: ngoja.
Maana pembeni mwa gazeti mlango wa ghala umefunguka,
mizani imetolewa nje, foleni imejipanga,
na wa kwanza ni Bi Nantende na magunia yake mawili,
kilemba cha kijani, mkono kiunoni.
Nikabonyeza. Wallahi nilikuwa napima kioo tu.
Picha kumi na moja, mfululizo.

Usiku, dukani, nikazikuza moja moja.
Kwenye ya saba, chini ya bamba la mizani,
upande aliosimama karani,
kuna kitu cheusi.
Ncha ya kandambili inayonyanyua?
Kivuli cha ncha ya kandambili?
Ya sita hakipo. Ya nane hakipo.
Nikakuza tena, vikawa vidoto vya kijivu,
kama chenga za unga kwenye chekeche.
Kwa mia mbili ningeweza kuapa,
ila kwa mia mbili kisingeonekana kabisa.

Na karani ni Dadi Mkwipa,
aliyemtolea mke wangu damu kule Ndanda
usiku ule ndugu zangu hawakupokea simu.
Harusi yake niliipiga mimi.
Nilimwambia, umetoka vizuri.

Nikafungua daftari, nikaandika:
*Sabini hadi mia na thelathini, nzuri.
Mia mbili, ibanwe.
Mia tatu, laini. Yafaa ndege, wachezaji, mwezi.*
Kalamu ikasimama.
Picha ya saba sikuifuta. Wala sikuisafisha.

Asubuhi Twaha kaniuliza, "Mjomba, tuirudishe Masasi?"
Nikasema ikae kabatini kwanza, haina kosa la kurudishiwa.
Nikachukua ile fupi ya zamani, hamsini,
isiyovuta kitu: ukitaka picha, mguu wako.
Mlango wa ghala ulikuwa unafunguliwa.
Bi Nantende amerudi, na gunia la tatu.
Nikaanza kuhesabu: moja, mbili,
kumi na tano, arobaini,
vumbi jekundu likipanda kwenye viatu;
kwenye themanini Dadi akaniona,
akanyanyua mkono kunisalimu,
na mimi, kabla ya kuitikia,
nikamtazama miguuni.