Pointi Mia na Tisini na Mbili

Matokeo yalitoka usiku, mtandao mzito,
umeme wa Ng'ong'ona umekatika,
nikayasoma kwenye simu yenye chaji asilimia sita
huku Lechipya akinishikia tochi na kunung'unika:
"Jumlisha, gawa kwa sita. Hesabu gani ya kukutoa jasho?"

Nikajumlisha.
A mbili: tano na tano.
B plasi mbili: nne na nne.
C mbili, mbili na mbili.
Ishirini na mbili kwa sita,
tatu nukta sita na ushee!
Lechipya akapiga mluzi. Daraja la pili la juu.
Tukala chipsi mayai kwa deni.

Asubuhi nikakumbuka kredi.

Ni hivi (naandika kama nilivyomweleza mama
Jumamosi, shambani Hombolo, zabibu zimeanza kuiva):
kila kozi ina uzito wake.
Takwimu ina kredi kumi na mbili, nami humo nina C:
kumi na mbili mara mbili, ishirini na nne.
Uchumi Vijijini kumi, B plasi, arobaini.
Sheria ya Ardhi nayo kumi, C, ishirini;
hiyo nilisinzia mtihanini, sikatai.
Mawasiliano na Maadili, nane nane,
A zote mbili, arobaini na arobaini,
ndizo nilizokuwa nikizitangaza hadi kanisani.
Kompyuta saba, B plasi: ishirini na...

"Nane," mama akasema, mkasi wake haujasimama.
"Mia na tisini na mbili. Na huo uzito wote?"
"Hamsini na tano."
Kishada kimoja kikaanguka ndani ya kreti.
Cha pili.
"Basi tatu na nusu hujaifikia."

Sikuuliza amejuaje.
Miaka kumi na minane anapeleka kreti kwa mnunuzi,
nyekundu bei yake, nyeupe bei yake,
zilizopasuka bei ya huruma,
na hajawahi kujumlisha bei akasahau kilo.
"Wewe, Nyemo, umepima kwa macho," akasema,
"kama mgeni anayesifia kreti kwa vishada vya juu."

Nikatoa kikokotoo.
Tatu nukta nne tisa sifuri tisa.
"Si ni karibu tu na nusu?" nikajitetea.
"Chuoni wanaandika ngapi?"
Tatu nukta nne.
Hawapandishi. Wanakata.
Desimali ya kwanza inabaki, na zile zinazofuata
hakuna aliyewahi kuniambia zinakwenda wapi.

Hapo ndipo alipocheka.
Akafungua pindo la kitenge, akatoa stakabadhi ya juzi:
mzani ulisoma kilo arobaini na moja na gramu mia nane,
karani akaandika arobaini na moja.
"Zinakwenda hukohuko."

Mia na tisini na tatu ingetosha.
Nilibonyeza mara tatu, ikanijibu vilevile.
Nilipungukiwa nusu pointi, na nusu haiuzwi.
Nilitaka kulia, nikaona haya
mbele ya mtu anayekatwa gramu
tangu mimi sijajua kuhesabu vidole.

"Na hiyo ya kumi na mbili," akauliza, "imekwisha?"
"Muhula ujao ipo tena. Takwimu ya Pili."
Hakusema kitu. Akanyanyua ndoo,
akaipita mizabibu michanga ya ukingoni,
ile inayopendeza kupigwa picha,
akaenda kuimwagia yote
mmoja mzee, shina kama mguu wa punda,
majani yake yana vumbi la Dodoma nzima.

Jioni Lechipya akatuma ujumbe:
Mwenye chipsi anadai. Tugawe kwa mbili?
Nikamjibu:
kwanza tupime nani alikula nyingi.