Mgeni Njoo

Saa mbili asubuhi walimtoa damu, vichupa vitatu,
wakampa karatasi yenye namba sitini na mbili,
wakasema majibu ni saa tisa alasiri.
Shemeji Nyamizi akaikunja ile karatasi
akaifunga penye pindo la khanga, kama nauli.
"Sasa mpaka saa tisa tunafanya nini?
Tukae hapa tuhesabu vigae?
Nionyeshe mji."

Mimi, mkaa mji huu miaka ishirini na sita,
mpiga chapa wa kadi za harusi, Kariakoo,
nitauonyesha vipi mji ninaoukatiza tu,
mbio, na deni la karatasi kichwani?
Bei za mji nilizijua. Majumba yake, la.

Bajaji ikatushusha Boma la Kale.
Mlango mzito, nakshi zake zimelainishwa na viganja.
Nyamizi akaugonga kwa kidole, mara mbili, akangoja
kana kwamba mwenyewe yumo ndani anavaa kanzu.
"Hawapo," akasema. "Tuendelee."
Lakini kwanza akagusa ukuta pale chokaa ilipobanduka:
"Kumbe ni mawe ya baharini!
Yana matundu, kama mfupa."
Sikujibu. Daktari wa Kitete, kule Tabora,
alikuwa amelitumia neno hilohilo.

Miguu ikamchoka mbele ya kanisa la Mtakatifu Yosefu.
Yeye, binti wa maalimu wa Isevya,
akavua viatu mlangoni kwa mazoea,
akaketi benchi la mwisho,
na rangi za kioo, nyekundu na samawati, zikamtua mapajani.
Nikamtazama kwa jicho la kuuliza.
"Kivuli hakina dini," akanijibu.

Kwenye sanamu ya Askari magari yalikuwa yanazunguka
kama nzi wasiojua cha kutua.
Tulivuka kwa kuombana radhi na pikipiki.
Hakumwangalia askari wala bunduki yake,
aliinama kusoma maandishi, polepole, kidole kikifuata,
akitafuta neno moja.
Wapagazi. Akaliona.
Babu yake Kasubi alibeba mizigo ya vita,
ya Mjerumani kwanza, ya Mwingereza baadaye,
na hakulipwa na yeyote kati yao.
Nyamizi akaifuta ile herufi ya W kwa ncha ya khanga,
ile tu, zingine akaziacha na vumbi lao.

Makumbusho, fuvu la kale lilitukenulia meno.
"Huyu naye anangoja majibu," akasema,
akacheka peke yake mpaka mlinzi akageuka.
Kisha nyayo. Nakala za nyayo za Laetoli,
mkubwa na mdogo, sambamba, kwenye majivu.
Hapo hakucheka.
Akaweka ndala yake kando ya kioo, akapima.
"Huyu mdogo alikuwa na wa kumsindikiza."

Mchana nilimnunulia ndizi za kuchoma na mshikaki.
Nyama alinirudishia, ndizi akala nusu.
Tukarudi kwa miguu, tukipita chini ya mivinje,
yeye akisimama kila baada ya mti wa tatu
akijifanya anatazama bahari,
nami nikijifanya namwamini.

Hospitali ikatokea, nyeupe, na vile vikuba vyake.
"Na hili? Nalo la zamani?"
"La Wajerumani."
"Basi ni kivutio. Mbona hukunitajia?"
Akanyoosha khanga, akainua kidevu,
akaniamuru nimpige picha, "kama mtalii."
Nilipiga nne. Katika tatu, mkono wangu ulitikisika.

Mgeni njoo, mwenyeji apone, walisema wahenga,
na kweli mimi nilipona kitu leo,
sijui jina lake; upofu, labda.
Lakini wahenga, safari hii niachieni niigeuze:
mwenyeji nimekuja. Apone yeye.

Saa tisa na robo. Feni inazunguka bila upepo.
"Sitini," akaita nesi.
Nyamizi anafungua fundo la khanga kwa meno.
"Kesho," ananinong'oneza, "nasikia Kunduchi kuna makaburi
yenye sahani za Kichina ukutani."
"Sahani zimeng'olewa, shemeji. Yamebaki mashimo."
"Twende tukayaone mashimo."

"Sitini na moja."