Sentimita Tano

Nimeandika mara tatu, mara tatu nimefuta,
nyuma ya bahasha ya bili ya maji.
Kununua foklifti: milioni thelathini na nane,
mtumba wa Japani, tani mbili na nusu,
rangi ya chungwa iliyopakwa juzi kufunika uzee.
Kukodi: laki mbili na nusu kwa siku,
dereva wao, dizeli yangu.

Masasi, mwisho wa Agosti. Ghala tupu.
Sakafu bado inanuka maganda ya korosho za mwaka jana,
na panya, bila kunitaka radhi, wamezaa
kwenye kona ya ufuta.

"Nunua," dalali Mtepa ananiambia kwa simu.
"Somoe, nguo ya kuazima haisitiri matako."
Kweli, Mtepa. Lakini hii ya kununua
nitaikunja niiweke wapi kuanzia Februari?
Siku tisini za korosho, vijisiku vya mbaazi,
kisha ikae pale kama bwana harusi aliyekimbiwa,
betri ikizimika taratibu, nyaya zikiwa karamu ya wale wazazi wa kona,
na fundi atoke Mtwara mjini, nauli yangu, chai yangu,
aje anieleze kwamba spea iko Dar.

"Kodi," anasema kaka yangu Nambunga,
ambaye hajawahi kupakia hata debe.
Kaka, umeisahau Novemba.
Mnada umefungwa Ijumaa, malori saba yananguruma nje,
mwenye mashine hapokei simu
maana kampuni kubwa imempigia kabla yangu.
Siku nne.
Ya tano mvua ya kwanza ikapita kwenye turubai
kama mtu anayerudi kwao,
magunia arobaini na moja yakaota ukungu.
Kukodi nako kuna foleni,
na foleni haiandikwi kwenye mkataba.

Haya, zidisha. Laki mbili na nusu mara tisini:
milioni ishirini na mbili na nusu, kila mwaka, hewani.
Misimu miwili, mashine imejilipa na chenji imebaki.
Karatasi ndivyo isemavyo.
Karatasi haijawahi kulipa riba.
Karatasi haimjui Chitanda.

Miaka kumi na tisa Chitanda amebeba gunia la kilo themanini
kutoka mizani hadi darini mwa rundo,
na sasa akitaka kuvaa viatu
huketi kwanza, akaviangalia kwa muda.
Wiki iliyopita nilipowatajia mashine, yeye na wenzake kumi na mmoja,
hakuna aliyenuna, hakuna aliyecheka.
Mmoja aliuliza tu, "Itaendeshwa na nani?"
Nikajifanya natafuta kalamu.

Leo mchana kaja na futi ya fundi seremala,
hajaitwa.
"Mama, mlango umeupima?"
Mlango?

Mlingoti wa mashine, ukishushwa wote:
mita mbili na sentimita kumi na tano.
Iko kwenye karatasi ya Mtepa, herufi ndogo, chini kabisa.
Mlango: mbili na kumi.
Zege la juu alilimimina marehemu Bakiri kwa mikono yake,
mwaka ule wa bei nzuri,
alama ya kiganja chake ipo mpaka leo.
Alisema, huu mlango ni wa mtu na gunia lake.

Iwe ya kununua, iwe ya kukodi,
ingesimama nje ikichungulia
kama mkwe ambaye hajapiga hodi.

Chitanda anacheka, anashika kiuno,
anacheka tena. Futi inajirudisha yenyewe: tap!

Nimegeuza bahasha. Chini ya tarehe ya mwisho ya kulipa maji
pana nafasi kidogo.
Nondo, vipande vinne. Saruji, mifuko mitatu.
Fundi, yule wa Mkomaindo, asiyekunywa.
Kiganja kikatwe kizima, kisivunjwe.
Ada ya mafunzo ya udereva wa mashine, mtu mmoja,
mgongo mbovu, miguu mizima.

Kununua au kukodi: hapo nimechora mstari,
juu yake sijaandika kitu.