Kigari cha Kalunde

Sanduku lilifika Sikonge na pengo lake:
vipande kumi na tisa, mota mbili,
moja inachechemea.

Mwalimu Mihayo alitaka mstari ulionyooka
toka ukutani hadi mlangoni.
Kigari kikapinda. Kikapinda tena,
kama nyuki aliyesahau mzinga.

"Fumua. Anza upya."

Kalunde hakufumua.
Alichomeka kipande cha mgongoni, akakifunga kalamu
kwa mpira wa baiskeli,
akatandaza mfuko wa saruji sakafuni.

Duara. Duara juu ya duara,
kila moja likikosea kidogo,
mpaka likachanua ua
la vitambaa anavyodarizi mama yake.

Mwalimu akachuchumaa, akapima kosa:
nyuzi saba kila mzunguko.
"Hata mama," Kalunde akasema, "huruka saba."

Betri ikaisha
petali moja kabla.