Kioo cha Nanjala

Meza yangu ni upana wa mkono na nusu,
chini ya ngazi, barabara ya Luthuli.
Huletwa hapa simu zilizotumbukia chooni,
zilizokanyagwa na bodaboda,
zilizorushwa ukutani kwa wivu.
Mimi hubadilisha vioo. Siulizi.

Lakini simu ikiwaka hujisemea yenyewe:
mkopo umechelewa, tutampigia mamako,
tutampigia mchungaji wako, tutampigia bosi;
majibu ya damu kutoka maabara;
umefika? umefika? saa nane za usiku.
Nimejifunza kutazama pembeni
kama mtu aliyefungua bafu lenye mwenyewe.

Jumanne wakaja wawili, jaketi safi, viatu vina vumbi.
Walitaka simu ya Nanjala, yule wa Kayole
aliyepiga picha mifereji mikavu ya mtaa wao
akauliza ni nani aliyezinywa pesa za maji.

"Tufungulie. Dakika mbili tu."
"Mna karatasi ya hakimu?"
Mmoja akacheka. "Wewe fundi au wakili?"

Chini ya hadubini yangu kulikuwa na kitabu,
nilikinunua shilingi hamsini kwa mchuuzi
kwa kuwa unene wake ulitosha kuinua lenzi.
Katiba. Jalada limeungua kwa lehemu.
Nilikuwa nakisoma stima ikipotea,
na stima yetu, mnaijua, haina haya,
ndiyo maana nilifika Kifungu cha thelathini na moja:
mawasiliano ya mtu ni siri yake.

Sikukariri chochote. Ulimi ulikuwa gunzi.
Nilifunika simu kwa kiganja,
vile mtu hufunika sufuria nzi wakija,
nikasema kioo bado kiko bandarini.
Uongo. Kilikuwa kwenye droo, kwenye magoti yangu.

Wakaandika namba ya kitambulisho changu,
polepole, ili nione wanavyoandika.
Wakashuka.

Saa kumi Nanjala akaja, akalipa, akasita.
"Umeona nini ndani?"
"Kioo," nikamwambia. "Na ubadilishe nywila."

Siku hizi simu yangu huita mara mbili, hunyamaza.
Namba haionekani.
Hadubini nimeiwekea tofali; inayumba kidogo.
Kitabu nimekihamishia mkono wa kulia,
karibu na bisibisi.