Mapigo Matatu kwa Msumari

Viatu vilikuja ndani ya mfuko wa unga wa bukari,
kamba zake zikiwa nyeupe bado.
"Fundi, tazama," akasema Mama Umba,
"vya mtoto wa ndugu yangu. Wamekuja kwa kilio."
Vyeusi. Vizito kama deni.
Visigino vigumu kama kwato,
na cha kulia kimepasuka, kimeachama
kama mtu aliyekatizwa katikati ya neno.

Miaka thelathini na moja hapa Katuba, ukutani mwa famasi,
nimeshona sapatu za mashemasi, buti za wachimbaji,
raba za watoto waliokataa kukua polepole,
lakini kiatu kilichoundwa ili kisikike
sikuwahi kukishika.

Nikakigonga juu ya chuma changu. Ko.
Nikakigonga tena.
Kikajibu.

Mwenyewe alikuja kesho yake: Numbi,
miaka kumi na miwili, Kiswahili chake kinatembea kwa magongo
kama mimi.
Amezaliwa Ayalandi, mji wa Limeriki,
anasema kule mvua haikuulizi umevaa nini.
Akaweka simu juu ya kopo la gundi.
Ikatoka fidla, mbio, mbio, kama mtu anayeshuka ngazi
huku anasimulia habari anayoogopa kuisahau,
na nyuma yake ngoma ya ngozi ya mbuzi
ikipigwa kwa kijiti chenye vichwa viwili.
"Mbuzi?" nikasema.
"Mbuzi," akasema.
Basi, tukaelewana.

Plastiki ya kwao sikuwa nayo.
Nilikuwa na shaba, kipande cha waya mnene
niliouziwa na kijana ambaye sikumwuliza ameutoa wapi.
Nikaponda mpaka ukawa bapa, nikakata vipande vinne,
viwili vya vidole, viwili vya visigino,
nikaanza kupigilia.

Msumari mdogo haupigwi hovyo.
Pigo la kwanza ni la kubisha hodi,
la pili la kuingia,
la tatu la kufunga mlango.
Tatu, na tatu, na tatu, na tatu.
Numbi akatazama nyundo, akatazama simu,
akacheka. "Fundi, hiyo ni jigi!"
Ajabu. Miaka thelathini na moja napiga jigi
na hakuna mteja aliyeniambia.

Jumamosi, siku ya kumaliza kilio cha Mzee Kishimba,
walilaza mlango juu ya matofali uani.
Numbi akapanda. Mikono ikashuka ubavuni
ikakaa hapo kama watoto walioonywa.
"Mayo! Nani amemfunga?" akauliza shangazi mmoja.
"Na kiuno? Kiuno amekiacha ndegeni?"
Uso hausemi kitu. Shingo wima
kama bomba la moshi la Gécamines.
Lakini kuanzia magotini kwenda chini
kulikuwa na ugomvi, kulikuwa na soko,
kulikuwa na mvua ya Januari juu ya mabati,
shaba inagombeza mbao, mbao haikubali kunyamaza,
na wale waliocheka wakaanza kusogeza viti.

Ndipo SNEL wakafanya kazi yao.
Umeme kwisha. Kipaza sauti kimya.
Mguu mmoja wa Numbi bado hewani.

Baiskeli yangu ya magurudumu matatu
ilikuwa imeegeshwa karibu na masufuria.
Nyundo ilikuwa mfukoni, huwa haiachwi nyumbani.
Nikafunika sufuria kubwa, kitako juu.
Tatu, na tatu.
Mguu ukashuka mahali pake.

Miguu yangu ililala nikiwa na miaka minne.
Jioni ile pia haikuamka; nasema
kwa kuwa watu hupenda hadithi iamke.
Mikono ilinitosha, ikapiga mpaka jasho likaingia machoni,
na yeye mikono yake haikutikisika hata kidogo,
na giza likaingia wala hakuna aliyetafuta mshumaa.

Uwanja wa ndege wa Luano, kasema Mama Umba,
mashine ililia.
Askari akafungua mfuko, akatoa kiatu,
akakigeuza, akakunja uso,
akagonga kisigino mezani.
Ko.
Akagonga tena.