Mchoro Namba 217

Umeme ulirudi saa mbili na robo. Feni ikakohoa vumbi la Mtanda,
nikawasha kompyuta, na mfumo ukanijibu
kama ulivyonijibu jana, na juzi:
Mchoro 217, bomba kuu, Mitwero hadi tangini.
Umefungwa na: I. Chilumba. Tangu: tarehe tisa Julai.

Tarehe kumi Julai tulimzika Idrisa Chilumba kwao Mtama.
Mfumo hauna matanga.
Haujui kuwa mtu anaweza kushika kitu
asikirudishe.

Masijala nimekaa miaka kumi na tisa.
Enzi hizo mchoro ulikuwa mmoja, umekunjwa kama kanga mpya;
ukiutaka unasaini daftari,
ukichelewa nakufuata hadi kantini.
Zikaja fotokopi. Zikaja simu, kila fundi na mchoro wake mfukoni,
hadi siku ile flanji ya matundu manane iliposhushwa kutoka Mtwara
ikakuta mwenzake ana kumi na mawili.
Zikatazamana kama mawifi.

Ndipo tukaletewa huu mfumo. Sheria yake fupi:
achukuaye anafunga, wengine mtatazama, hamtagusa;
arudishaye aseme amebadili nini,
na kwa nini.
Mafundi wakaubatiza Bi. Somoe wa Pili.
Sikukasirika.

Leo kapiga Mchopa, msimamizi wa mtaro:
"Mama, kijiko kimeshafika Mitwero. Nachimba kwa toleo la nne,
ndilo lililopo."
Ndilo lililopo, kweli.
La tano limo mkononi mwa marehemu.

Kibali cha kufungua kwa nguvu ninacho, sijawahi kukitumia.
Nilibonyeza.
Mfumo ukauliza, bila pole wala hujambo:
Yapo mabadiliko ambayo hayajarudishwa. Yatupwe, au yahifadhiwe?

Nikachungulia kwanza.
Mstari wa bluu ulikuwa umepinda, mita sita kusini,
ukarudi njiani
kama mtu aliyekwepa dimbwi.
Na kwenye kisanduku cha sababu,
ambamo wahandisi wetu huandika "marekebisho", au nukta tupu,
Idrisa alikuwa ameandika:
"Njia ya zamani inapita kwenye mikorosho mitatu ya Bi. Nalinga.
Ndiyo ada ya wajukuu. Nimemwahidi.
Viungo vinne vimeongezeka, gharama iko kwenye jedwali.
Bado sijapima kina cha"

Hapo ndipo alipoinuka kitini.

Mimi si mhandisi.
Siwezi kusema mstari uko sawa
kwa sababu aliyeupinda alikuwa mwema.
Nilihifadhi. Nikampigia Mchopa: "Zima kijiko."
"Mama! Kinalipiwa kwa saa!"
"Zima. Nina ming'oko hapa, njoo."

Nikautuma kwa Mhandisi Nandonde, Mtwara, aukague.
Alikaa kimya kwenye simu, kisha akaomba vipimo vya udongo,
akaikamilisha sentensi ya mwenzake kwa tarakimu mbili,
mita moja na nusu,
akarudisha saa tisa alasiri.

Sasa toleo la tano linasomeka hivi:
Aliyechora, I. Chilumba.
Aliyekagua, V. Nandonde.
Aliyetoa, S. Likwena, ndiye mimi.
La nne limepigwa mstari mwekundu, lakini lipo;
mfumo haufuti, unasogeza pembeni tu,
anayetaka kuona tulipokuwa tunaelekea
aone.

Mchopa kachapa nakala yake, kaigonga muhuri,
ile ya zamani nimeichana mbele ya macho yake.
Nikageukia kioo.
217. Hali: wazi. Imeshikwa na:
halafu nafasi nyeupe.

Mchopa, mdomo umejaa, akaniuliza mbona sili.